Hologramu ya hewani
Taswira ya nuru isimamayo angani bila kioo, ionekanayo kwa kila upande, kama ile ya filamu ya Star Wars ya mwaka 1977, haiyumkiniki kwa nuru peke yake. Kwani nuru, ikishatoka, hushika njia yake moja kwa moja, wala haigeuki kumwelekea mtazamaji ila ikutane na kitu. Hologramu halisi, aliyoivumbua Dennis Gabor nchini Uingereza mwaka 1947, huonekana kwa alielekeaye bamba lake tu. Walakini mwaka 2018 Daniel Smalley na wenziwe wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, Marekani, walidhihirisha hila nyingine, nayo ni ya ajabu: chembe ya selulosi, iliyonaswa kwa mwali wa leza, ilikimbizwa hewani huku ikiangazwa kwa rangi mbalimbali, hata jicho likaghilibika likaona umbo kamili. Taswira hizo zilikuwa ndogo, kadiri ya ukucha wa kidole.