Limau halifai kusafishia meza ya marumaru

Anayeweka meza ya mawe ya asili jikoni mwake, Kinyala au kwingineko wilayani Rungwe, hana budi kulijua jiwe kabla ya kutayarisha dawa ya kulisafishia. Limau na siki, vinavyosifiwa kwa kung'arisha vyombo, huharibu marumaru.

Marumaru na traverteni, jiwe lililotandazwa na chemchemi za maji moto katika bonde la Songwe, magharibi ya jiji la Mbeya, asili yake ni chokaa. Tindikali huila chokaa, na mng'ao ukishatoka haurudi kwa kusugua. Hutakiwa fundi mwenye mashine. Itale na mawe meusi ya volkano, yaliyojaa Rungwe, huvumilia zaidi. Jina pekee halitoshi, kwani hata vigae vya kiwandani huitwa marumaru.

Tone la limau lidondoshwe mahali pasipoonekana. Vikitoka vipovu, au pakififia baada ya dakika chache, hilo ni jiwe la chokaa.

Kwa mawe yote hayo hutosha lita moja ya maji ya uvuguvugu, kijiko kidogo cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na kitambaa laini. Kisha meza isuuzwe na kukaushwa. Jivu hukwaruza.

Doa la mafuta, hata ya parachichi, hupakwa bekingi soda iliyokorogwa kwa maji kama uji mzito, likafunikwa kwa nailoni siku nzima.

Dawa yenye klorini isichanganywe kamwe na siki wala limau: gesi itokayo hudhuru mapafu.