Seli Saidizi Zisizosaidia: Kwa Nini Hesabu ya CD4 Haitoshi Kupima Kinga

Kliniki za Afrika Mashariki zimezoea kuupima upungufu wa kinga kwa hesabu ya CD4, na kwa sababu nzuri: VVU huziangamiza seli T saidizi, ambazo hubeba alama ya CD4, na zikishuka chini ya 200 kwa mikrolita ya damu, mgonjwa huwa katika hatari ya nimonia ya kuvu, Pneumocystis jirovecii. Hata hivyo, kuna ugonjwa wa kurithi ambamo mtoto hupata nimonia hiyohiyo ilhali seli zake saidizi zimetimia kwa idadi. Hoja ya makala hii ni kwamba kinga hutegemea kazi ya seli hizo, si wingi wake tu.

Ugonjwa wenyewe huitwa sindromu ya IgM iliyozidi. Katika seramu, kingamwili ya aina ya IgM huwa ya kawaida au imepanda, huku zile za IgG, IgA na IgE zikiwa chini mno. Kwa kuwa kingamwili hutengenezwa na seli B, ilikuwa rahisi kuzitupia hizo lawama. Lakini mwaka 1986 Lloyd Mayer na wenzake walionyesha maabarani kwamba seli B za wagonjwa, zikipata seli T saidizi za mtu mwingine, zaweza kutoa IgG. Mwaka 1993 kasoro ikabainika: imo katika jeni ya protini CD40L, iliyoko kwenye kromosomu X, na ndiyo maana waathirika karibu wote ni wavulana. Seli saidizi ikiamshwa huitoa CD40L juu ya utando wake. Protini hiyo ikishikana na CD40 ya seli B, seli B huacha kutengeneza IgM na kugeukia aina nyingine. Mshikamano huo usipokuwapo, seli B hubaki nzima lakini haziamriwi.

Huenda mtu akapinga kuwa huu ni upungufu wa kingamwili tu. Jibu limo katika ugonjwa unaofanana nao, uliofafanuliwa mwaka 2000, ambao kasoro yake ni kimeng'enya AID ndani ya seli B zenyewe. Wagonjwa hao pia wana IgM nyingi na IgG haba, na huandamwa na bakteria. Ila Pneumocystis si kawaida yao. Tofauti hiyo inatokana na CD40L kuziamsha pia makrofaji, seli zinazomeza vijidudu kama Pneumocystis, kwa hiyo seli saidizi yenye kasoro hulemaza mikono miwili ya kinga kwa pamoja. Ndiyo sababu sindano za IgG hupunguza maambukizi ya bakteria bila kuliziba pengo lote: mtoto huhitaji pia kotrimoksazoli dhidi ya Pneumocystis, maji yaliyochemshwa dhidi ya Cryptosporidium inayoharibu mirija ya nyongo, na ikiwezekana upandikizaji wa uboho.

Pingamizi la pili ni kwamba ugonjwa huu ni adimu. Ni kweli, lakini uadimu hauhalalishi kumruhusu mvulana mwenye nimonia ya Pneumocystis aende nyumbani kwa kuwa tu hana VVU na CD4 yake ni nzuri. Apimwe kingamwili zake, na mama aulizwe kama ana kaka waliofariki wachanga.