Historia ya Marekani: Jinsi alama zinavyotolewa katika shule za upili

MWANAFUNZI anayesoma historia ya Marekani katika shule ya upili nchini humo hangoji mtihani wa mwisho ili ajue hatima yake. Alama yake huanza kujengwa wiki ya kwanza ya masomo. Kila kazi anayoiandika, anayoichelewesha au anayokosa kuiwasilisha huingia katika hesabu.

Utaratibu huu huwatatiza wazazi wengi kutoka Afrika Mashariki ambao watoto wao wanasoma katika majimbo kama vile Minnesota, Texas na Massachusetts. Mzazi aliyesoma Kenya chini ya mfumo wa 8-4-4 alizoea kuwa mwalimu hufundisha, na Baraza la Mitihani la Kitaifa, KNEC, hutahini. Marekani, kwa kiasi kikubwa, anayefundisha ndiye anayetahini, na gredi anayoitoa ndiyo itakayosomwa na chuo kikuu.

Hakuna silabasi moja

Marekani haina silabasi moja ya historia kwa nchi nzima. Kila jimbo huweka viwango vyake, nazo wilaya za elimu huamua vitabu na mpangilio wa masomo. Katika shule nyingi somo hili hufundishwa darasa la 11, mwaka mmoja kabla ya mwanafunzi kuhitimu.

Baadhi ya majimbo huongeza mtihani wake. Katika jimbo la Texas, historia ya Marekani ni miongoni mwa mitihani mitano ya mwisho wa kozi. New York kwa miaka mingi imekuwa na mtihani wa Regents wa historia na serikali, ambao alama yake ya kupita ni 65.

Mkataba wa darasa

Mwanzoni mwa mwaka, mwalimu humpa kila mwanafunzi mwongozo wa darasa. Hati hii hueleza mada zitakazofundishwa, vitabu vinavyohitajika, tarehe za kazi kubwa, adhabu ya kuchelewesha kazi na sheria kuhusu udanganyifu. Mara nyingi mwanafunzi na mzazi hutakiwa kuitia sahihi, na mzozo unapozuka baadaye, ndiyo hurejelewa.

Sehemu muhimu zaidi ya mwongozo huo ni mgawanyo wa alama. Tuchukue mfano wa darasa ambapo mitihani ina uzito wa asilimia 40, insha asilimia 30, kazi ya nyumbani asilimia 15 na ushiriki darasani asilimia 15. Mwanafunzi aliyepata wastani wa 85 katika mitihani, 80 katika insha, 90 katika ushiriki na 50 katika kazi ya nyumbani atapata jumla ya 79. Lau angalikamilisha kazi ya nyumbani na kupata 90, jumla yake ingekuwa 85. Mitihani ni ile ile na insha ni zile zile, lakini gredi ingepanda kutoka C hadi B. Haba na haba, hivyo ndivyo kibaba kinavyojaa au kupungua.

Katika shule nyingi, 90 hadi 100 ni A, 80 hadi 89 ni B, 70 hadi 79 ni C na 60 hadi 69 ni D. Chini ya 60 ni F, yaani mwanafunzi ameanguka. Msomaji aliyezoea gredi ya E ya KCSE atashangaa kuwa kwa kawaida herufi hiyo haitumiki.

Herufi hizo hugeuzwa kuwa pointi, A ikiwa 4, B 3, C 2, D 1 na F 0, kisha wastani wa masomo yote hukokotolewa. Wastani huo ni miongoni mwa mambo ya kwanza yanayotazamwa mwanafunzi anapoomba nafasi chuoni au msaada wa karo.

Kukumbuka tarehe hakutoshi

Mwanafunzi anayekariri tarehe na majina ya marais bado anaweza kupata alama duni. Walimu wengi hutarajia hoja inayothibitishwa kwa ushahidi.

Swali likihusu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, mwanafunzi anayeandika kwamba vita hivyo vilikuwa na sababu nyingi hajasema lolote linaloweza kupingwa. Anayeandika kwamba majimbo ya Kusini yalizozana na serikali kuu kuhusu mambo kadhaa, lakini kupanuka kwa utumwa katika maeneo ya magharibi ndiko kulikovunja maridhiano ya awali, ameweka dai. Sasa hana budi kulitetea, kwa mfano kwa Sheria ya Kansas-Nebraska ya 1854, uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Dred Scott wa 1857 na kuchaguliwa kwa Abraham Lincoln mnamo 1860.

Vilevile, huenda akapewa tamko la Mississippi la 1861 la kujitenga, ambalo lenyewe lilifungamanisha hatua hiyo na utumwa. Ataulizwa ni nani aliyeliandika, alilenga kumshawishi nani, na kwa nini wakati ule.

Kozi ya AP

Ustadi huo hupimwa zaidi katika kozi ya AP, ambayo ni ya kiwango cha chuo kikuu na husimamiwa na shirika la College Board. Kozi ya AP ya historia ya Marekani huanzia 1491, mwaka mmoja kabla ya safari ya Columbus, na imegawanywa katika vipindi tisa.

Mtihani wake hufanywa mwezi wa Mei kwa saa tatu na dakika 15. Una maswali 55 ya kuchagua jibu yenye uzito wa asilimia 40, maswali matatu ya majibu mafupi yenye asilimia 20, swali la nyaraka lenye asilimia 25 na insha ndefu yenye asilimia 15. Katika swali la nyaraka, mtahiniwa husoma nyaraka saba na kujenga hoja, na jibu lake husahihishwa kwa pointi saba. Pointi hizo hutolewa kwa dai kuu, muktadha wa kihistoria, ushahidi na uchanganuzi.

Matokeo huwa kati ya 1 na 5. Vyuo vingi humwondolea mwanafunzi aliyepata 3 au zaidi baadhi ya masomo ya mwaka wa kwanza, jambo linaloweza kumpunguzia karo, ingawa baadhi hudai 4 au 5. Alama hii ni tofauti na gredi ya mwalimu, na mwanafunzi mmoja anaweza kupata A darasani na 2 katika mtihani wa AP.

Je, alama hizi ni za haki?

Lalamiko dhidi ya mfumo huu ni la zamani. Mnamo 1912 na 1913, watafiti Daniel Starch na Edward Elliott waliwapa walimu wengi karatasi zile zile wazisahihishe, zikiwemo za historia. Alama zilitofautiana mno. Karatasi moja ya jiometria, somo linalodhaniwa kuwa na majibu ya hakika, ilipewa kuanzia 28 hadi 95.

Aidha, gredi nzuri si ithibati ya maarifa. Katika tathmini ya kitaifa ya 2010, asilimia 12 pekee ya wanafunzi wa darasa la 12 walifikia kiwango cha umahiri katika historia ya nchi yao.

Sifuri nayo huzua mjadala. Mwanafunzi mwenye alama 90, 90 na sifuri ana wastani wa 60, yaani D. Baadhi ya wilaya zimeweka 50 kuwa alama ya chini kabisa, na hapo wastani huo hupanda hadi karibu 77. Wanaounga mkono husema kosa moja lisiharibu mwaka mzima. Wapinzani hudai kwamba huko ni kumlipa mtu kazi ambayo hakuifanya.

Mizozo mingine huhusu maudhui. Mnamo Septemba 2014, mamia ya wanafunzi wa wilaya ya Jefferson, Colorado, walitoka madarasani kupinga pendekezo la kuikagua kozi ya AP ili isisitize uzalendo. Mwaka uliofuata, wapiga kura waliwaondoa wanachama watatu wa bodi ya elimu ya wilaya hiyo.

Ushauri kwa mzazi

Kwa mtoto aliyelelewa kuamini kwamba kunyamaza mbele ya mwalimu ni heshima, alama za ushiriki ndizo mtego mkubwa. Mwalimu wa Marekani huenda akadhani kuwa mwanafunzi asiyeinua mkono hakusoma au hajali. Inafaa mtoto aelezwe mapema kwamba kuuliza swali na kupinga hoja kwa adabu ni sehemu ya kazi yake.

Mzazi naye asome mwongozo wa darasa, afuatilie alama kwenye tovuti ya shule na aulize mapema kama kazi iliyokosekana inaweza kuwasilishwa. Sheria ya shirikisho ya 1974 inampa mzazi haki ya kukagua rekodi za masomo za mtoto wake. Haki hiyo humhamia mwanafunzi anapotimiza umri wa miaka 18.

Suala hili linaihusu Kenya pia. Watahiniwa wa mwisho wa KCSE chini ya 8-4-4 wanatarajiwa kuufanya mwaka wa 2027, na mtaala wa umilisi unaochukua nafasi yake huzipa uzito tathmini zinazofanywa shuleni. Mwalimu anapokabidhiwa alama, mzazi ana haki ya kujua kabla ya muhula kuanza zitakavyotolewa, na ya kuonyeshwa baadaye kwamba utaratibu huo ulifuatwa.