Ilivyozaliwa Desturi ya Kutoa Thamostati

Gari likipanda kutoka Makambako kwenda Njombe na kuendelea hadi Ikonda, wilayani Makete, mshale wa temperecha ukaanza kupanda na kushuka, gereji nyingi zina dawa moja ya haraka: thamostati itolewe. Kifaa hicho kidogo chenye nta ndani yake huziba njia ya rejeta injini ikiwa bado ya baridi, kisha huifungua maji yakifika nyuzi 82 hivi za Selsiasi. Wenye magari wakishapata hasara husema mafundi ni wajinga. Wanawaonea. Desturi hii ilikuwa na akili yake, ila akili hiyo ilikuwa ya barabara nyingine na ya injini nyingine, na ndiyo sababu huku kwenye baridi inaleta maradhi yale yale inayodaiwa kuyaponya.

Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilikatiwa njia yake ya mafuta ya kusini. Ikabidi mapipa yapite Dar es Salaam, Iringa, Makambako hadi Tunduma, kwa barabara ya vumbi na tope iliyopachikwa jina la njia ya jehanamu kwa jinsi ilivyoua watu na magari. Bomba la TAZAMA lilipokamilika mwaka 1968 lilipunguza mzigo wa mafuta, lakini shaba na bidhaa nyingine ziliendelea kubebwa na malori, na reli ya TAZARA ilikuwa bado haijajengwa. Lori lililosheheni lilitoka kwenye joto la bonde la Ruaha Mbuyuni na kuukabili Mlima Kitonga kwa gia nzito: injini inakamuliwa nguvu zote, mwendo ni wa kutambaa, upepo wa kupoza rejeta haupo. Thamostati ikikwama imefunga hapo, injini imekwisha. Na injini zenyewe nyingi zilikuwa na silinda hedi za chuma kizito, zinazostahimili kuchemsha mara moja mbili, utingo akaongeza maji na safari ikaendelea. Kwa dereva wa aina hiyo, kutembea bila thamostati kulikuwa kuondoa hatari kubwa kwa gharama ndogo.

Kisha ikaja dhiki ya spea. Bei ya mafuta ilipaa kuanzia 1973, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, vita vya Kagera vikafuata, na hadi masharti ya uagizaji yalipolegezwa katikati ya miaka ya 1980 fedha za kigeni zilikuwa haba mno. Katika hali hiyo, fundi aliyeambiwa anunue thamostati mpya angeinunua wapi? Rejeta zilijazwa maji ya mto, kutu ikaziba mirija, na kilichoweza kutolewa kikatolewa. Naamini hapo ndipo dharura ilipogeuka mafunzo, kwa kuwa kijana anayejifunzia kazi chini ya gari hupokea mkono wa fundi wake bila kupokea sababu zake.

Ikonda ni mahali pengine kabisa. Hospitali ya Wamisionari wa Konsolata, iliyoanza miaka ya 1960, huwavuta wagonjwa kutoka mikoa ya mbali hadi kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi. Kwenye mwinuko huo maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 93, wakati injini nzima hufanya kazi kati ya 85 na 95. Kinachookoa ni mfuniko wa rejeta, unaobana mgandamizo na kuyazuia maji yasichemke hadi yapite nyuzi 110. Mpira wa mfuniko ukichakaa, mapovu ya mvuke huanza kupita kwenye sensa. Sensa ikiguswa na mvuke inasema hili, ikiguswa na maji inasema lile, na mshale unacheza. Mfuniko wa bei ndogo ndio mgonjwa. Thamostati inayotupwa haina kosa.

Wapo watakaojibu kwamba magari mengi yametembea miaka bila kifaa hicho. Ni kweli, na katika injini za zamani za njia moja ya maji madhara yake huchelewa kuonekana. Lakini injini nyingi za Toyota tulizonazo sasa zina thamostati yenye visahani viwili: kimoja kinapofungua njia ya rejeta, kingine kinaziba njia ya mkato inayorudisha maji ya moto kwenye injini. Ukiitoa, mkato unabaki wazi. Kwenye tambarare na baridi mshale unalala chini. Kwenye mlima sehemu ya maji inarudi bila kupozwa na mshale unapanda. Hedi ya alumini nayo haina subira ya chuma, hupinda mapema. Hoja nzito zaidi ni ya spea bandia: kwa nini mtu afunge kitu kitakachokwama? Hili lina jibu la jikoni. Itumbukize kwenye sufuria ya maji, washa moto, uangalie kama inafunguka kabla maji hayajatokota; ya nyuzi 82 itafunguka hata Ikonda. Inapofungwa, katundu kake kenye kipini kinachochezacheza kakae juu, hewa ipate pa kutokea, maana hewa iliyonaswa nayo huchezesha mshale. Na kabla ya kufungua chochote, washa taa kubwa: mshale ukiruka papo hapo, tatizo ni waya wa athi.

Desturi hii hudhuru zaidi katika kusoma dalili. Injini isiyopata joto huku Makete haikaushi unyevu kwenye oili, na chini ya kifuniko cha oili hujikusanya povu jeupe kama maziwa. Fundi akiliona huweza kuhukumu kwamba gasketi ya hedi imeungua, hedi ikafunguliwa, na familia iliyoleta mgonjwa ikalipia kazi isiyohitajika. Pima kwanza kama maji ya rejeta yanapungua na kama yanatoa mapovu injini ikinguruma. Yakiwa yametulia na hayapungui, rudisha thamostati, badilisha oili, kisha utazame kifuniko hicho tena baada ya safari ndefu.