Saa ya Babu Inakimbia? Usiiuze, Mchawi ni Sumaku

Wadau, leo simtaji mtu jina. Ila kama ukoo wenu ni wa Kyela, huenda kwenu yupo mzee wa aina hii: aliyekwenda Wenela.

Kwa wasiojua, Wenela ndio waliokuwa wakikusanya vijana kwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini. Miaka ya 1950 Wanyakyusa wengi walikwenda, enzi hizo Kyela bado iko ndani ya wilaya ya Rungwe. Baada ya uhuru wa 1961 serikali ikaufunga mlango huo. Wapo waliorudi na baiskeli, wapo waliorudi na saa ya mkono. Saa zenyewe za kutia ufunguo, maana saa ya mkono ya kwanza ya kwazi, ile inayotumia betri, Seiko waliitoa Desemba 1969.

Sasa sikia. Ndani ya saa ya ufunguo kuna springi nyembamba kama unywele, imejiviringisha kama konokono. Hiyo ndiyo inapanga mwendo. Ikiingiwa na sumaku, mizunguko yake inanatana, springi inakuwa kama imefupishwa, saa inaanza kukimbia. Unairekebisha asubuhi, jioni imeshakuacha.

Hata Uswisi hili liliwatesa. Mwaka 1930 Tissot walitoa saa ya mkono ya kuhimili sumaku. 1956 Rolex wakaleta Milgauss kwa ajili ya wanasayansi, inahimili gausi 1,000. Siri yake? Mtambo umevikwa ngao ya chuma inayoikwepesha sumaku isifike ndani. 2013 Omega wakavuka gausi 15,000 kwa kutumia vipuri visivyoshika sumaku kabisa.

Saa ya babu haina hayo mambo. Na kabla hujasingizia mawe ya Liganga kule Ludewa, ambayo kweli yana chuma cha sumaku, angalia unapoiweka: juu ya spika, chini ya simu, ndani ya pochi yenye kifungo cha sumaku. Hapo ndipo inapologwa.

Kupima ni rahisi. Isogeze karibu na dira ya sindano. Sindano ikichezacheza, jibu umelipata. Fundi mwenye koili ya umeme anaitoa sumaku kwa sekunde chache tu, hata kuifungua haifungui. Ikiendelea kukimbia, basi huenda springi ina uchafu au imeingia mafuta, hapo ndipo ifunguliwe.

Kwa hiyo akija mjanja akakwambia "hii imekufa, chukua elfu tano," mwambie asubiri kwanza. Ile saa ni jasho la mtu aliyeshuka shimoni, nchi ya mbali, ili nyumbani wale. Usiiachie kwa bei ya chipsi kwa sababu ya sumaku ya spika yako.

Kwenu ipo? Inakimbia au imesimama? Dondosha hapo chini.