UZI: Lori la kanjo lina historia ndefu kuliko kanjo yenyewe

Kila mjadala wa uchaguzi ukifika swali la vijana wanaolala nje, majibu huwa ni mawili tu. Kuna mgombea atakayesema "tutasafisha mji", na kuna atakayesema "serikali haijawahi kuwa na sheria ya kuwasaidia hawa vijana." Wa kwanza anapigiwa makofi na wenye maduka, wa pili anapigiwa makofi na sisi wengine.

Leo nataka tumjibu huyu wa pili, kwa sababu ndiye anayeonekana ana huruma. Sheria zipo, jameni. Zipo nyingi, na zimekuwepo kwa zaidi ya miaka 120. Shida ni swali ambalo sheria hizo zilikuwa zinajibu. Chukua chai, uzi ni mrefu kidogo.

Tuanze 1898. Nairobi yenyewe haijakuwa mji, reli bado inajengwa, lakini tayari utawala wa Kiingereza una kanuni za kukamata wazururaji. Hawakuzitunga kichwani. Walizibeba kutoka kwao, ambako kulikuwa na Sheria ya Uzururaji ya 1824, iliyopitishwa wakati wanajeshi waliorudi kutoka vita dhidi ya Napoleon walikuwa wamejaa barabarani bila kazi wala makao. Wazo lilikuwa jepesi: mtu asiye na kazi, asiye na mahali pa kulala na asiyeweza kueleza anakula nini, ni mkosaji. Hajaiba. Hajampiga mtu. Kosa lake ni kuonekana pale alipo.

Kwetu wazo hilo lilipata kazi ya pili. Mashamba ya walowezi yalitaka vibarua, na mtu aliyekaa mjini bila mwajiri alionekana kama mkono uliopotea. Kwa hiyo kuzurura kukawa kosa, na dawa yake ikawa kifungo, kazi, au kurudishwa rizavu.

Sasa, katika hao waliokamatwa walikuwemo wavulana wadogo. Walifika mjini kwa sababu tunazozijua hata leo: njaa nyumbani, mzazi amekufa, baba ameenda kutafuta pesa za kodi hajarudi. Wengine walibeba vikapu sokoni, wengine wakawa "toto" katika jikoni za wazungu, na wakifukuzwa huko wanalala popote. Serikali iliwakusanya na kuwarudisha kwao kwa gharama yake. Baada ya muda kidogo wako Nairobi tena. Ilifika mahali maafisa wenyewe wakalalamika kwamba mpango huu umegeuka kuwa safari za bure kwa watoto. Yaani serikali inalipa nauli, mtoto anasalimia shangazi, kisha anarudi mjini.

Kumbuka hiyo safari. Tutaikuta tena mbele.

Mwaka wa 1915 ikapitishwa sheria ya kuandikisha wanaume Waafrika, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kipande kikaanza kuning'inia shingoni. Kijana akishafika miaka 16 alitakiwa awe nacho, na ndani yake mwajiri ameandika. Kipande kisicho na mwajiri kilikuwa tiketi ya kuondoka mjini. Mwaka wa 1934 ikaja sheria ya watoto wakosaji, na hapo angalau serikali ikakubali kwamba mtoto asihukumiwe kama mtu mzima. Lakini mtoto asiye na kwao aliendelea kuishia mbele ya hakimu. Viboko vilikuwa adhabu ya kawaida. Shule ya kurekebisha tabia ya Kabete ilikuwa imefunguliwa miaka mingi nyuma, na hadi leo ukiuliza wazee wa upande ule watakuambia "jela ya watoto."

Kisha 1949 kuna sheria ambayo jina lake peke yake linatosha kuwa uzi. Ilihusu "watu wasio na kazi kwa hiari". Kwa hiari! Kijana amekosa kazi, sheria inamwambia amejichagulia. Ukisikia mwanasiasa wa leo akisema vijana wa mtaani "wanapenda hayo maisha", ujue hajasema jambo jipya. Lilishaandikwa kwenye sheria miaka zaidi ya 70 iliyopita.

Hapa kwenye miaka ya hamsini nataka tukae kidogo, maana ndipo serikali yenyewe ilipotengeneza watoto wa mtaani kwa mikono yake.

Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, jeshi na polisi walifunga Nairobi na kuchuja watu mtaa kwa mtaa. Maelfu kwa maelfu walipelekwa vizuizini. Wengi walikuwa wazazi. Baba akienda Manyani, na mama akarudishwa rizavu au naye akafungwa, mtoto anabaki na nani? Wengine walijikuta barabarani. Na wengine, wavulana kabisa, walifungwa pamoja na watu wazima kama wafuasi wa Mau Mau.

Mwaka wa 1955 wavulana waliokuwa vizuizini walianza kupelekwa kambi ya Wamumu, katika eneo ambalo leo ni Kirinyaga. Tusiipambe, ilikuwa kambi ya kizuizi na lengo lake lilikuwa kubadilisha mawazo yao. Lakini walifundishwa pia kusoma na ufundi. Mmoja wa waliofanya kazi huko, Geoffrey Griffin, baadaye aliungana na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, na 1959 wakafungua Starehe. Hiyo Starehe unayoijua kwa matokeo ya mtihani ilianza kama vibanda viwili vya mabati vya kuwapa makao wavulana waliokuwa wakilala nje Nairobi.

Angalia tofauti. Sheria ya uzururaji ilimuuliza kijana: unafanya nini hapa? Vile vibanda vilimuuliza: utalala wapi leo? Na kitu cha pili kikaleta shule. Cha kwanza kilileta lori.

Uhuru ukaja. Bendera ikabadilika, sheria ya uzururaji ikabaki, ikaingia katika vitabu vyetu kama Sura ya 58. Kando yake kulikuwa na Sheria ya Watoto na Vijana, Sura ya 141. Humo kulikuwa na maneno ambayo kwangu ndiyo kiini cha jambo lote: mtoto anayehitaji "ulinzi au nidhamu". Hiyo "au" ilifanya kazi kubwa sana. Mtoto aliyetupwa na mtoto aliyeiba waliingia mlango mmoja, wakalala mahabusu moja, na wote waliweza kuishia shule ya kurekebisha tabia. Umeanza na ulinzi, umemaliza na nidhamu, na njiani hakuna aliyekuuliza.

Miaka ya sabini Nairobi ikawa na jina jipya kwa vijana hawa, wavulana wa maegesho, kwa sababu walielekeza magari mahali pa kuegesha na kuomba sarafu. Mwaka wa 1973 padre Mholanzi, Arnold Grol, alianzisha Undugu Society kwa ajili yao. Mashirika na makanisa yakaendelea kubeba mzigo, polisi wakaendelea na msako. Jina likabadilika tena, likawa chokoraa. Wengi tunalihusisha na kuchokora mapipa, yaani hata jina tulilowapa linataja wanachofanya na halitaji wanachokosa.

Mabadiliko ya kweli ya sheria yalianza miaka ya tisini. Kenya iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa mwaka wa 1990. Mwaka wa 1997, katika yale mageuzi ya Bunge kabla ya uchaguzi ambayo wengi wanayakumbuka kwa mambo ya leseni za mikutano, Sheria ya Uzururaji ilifutwa. Karibu miaka mia moja tangu zile kanuni za kwanza! Sielewi kwa nini hatuna hata kumbukumbu ya siku hiyo.

Ila usishangilie sana. Kanuni ya Adhabu bado ina kifungu cha 182, kuhusu watu wavivu na wenye fujo, na sheria ndogo za miji zilibaki na makosa yake. Mlango wa mbele umefungwa, dirisha liko wazi.

Kisha ikaja Sheria ya Watoto ya 2001, iliyoanza kutumika Machi 2002. Ile "nidhamu" ikaondoka, tukabaki na mtoto anayehitaji "matunzo na ulinzi". Neno moja tu, lakini lilitenganisha mtoto asiye na kwao na mtoto mwenye kesi. Januari 2003 elimu ya msingi ikawa bure, na vijana kutoka mitaani wakapelekwa mafunzo ya NYS. Machi mwaka huo huo ukaundwa Mfuko wa Kurekebisha Familia za Mtaani.

Hapa wanasiasa huwa wanapita haraka, wewe usipite. Mfuko huo uliundwa kwa tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali. Haukuwa na sheria yake iliyopitishwa na Bunge. Tofauti yake si ya mawakili tu. Kitu chenye sheria yake kina mizizi: sheria inaweza kusema pesa zitoke wapi, nani awajibike na nani anaweza kwenda kortini visipofanyika. Kitu cha tangazo kinaishi kwa hisani ya bajeti ya mwaka ule.

Katiba ya 2010 ilikwenda mbali zaidi. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya lishe, makao na afya. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya makao yanayofaa. Halafu 2018 serikali ikafanya jambo ambalo haikuwa imelifanya vizuri huko nyuma: ikawahesabu. Walipatikana watu 46,639 wanaoishi mtaani nchini, Nairobi ikiwa na 15,337. Unaweza kubishana na hesabu ya watu wanaohama kila usiku, lakini angalau sasa kuna namba ya kubishania.

Mwaka mmoja baadaye, Februari 2019, ikaripotiwa kwamba watoto na vijana wa mtaani mjini Nakuru walipakiwa kwenye lori usiku na kuachwa karibu na msitu wa Chemasusu, Baringo. Si niliwaambia mkumbuke ile safari? Ya zamani angalau ilimpeleka mtoto kwao. Hii ilimwacha msituni.

Sheria mpya ya Watoto ya 2022 ni nzuri, nitasema wazi. Umri wa kushtakiwa ulipanda kutoka miaka 8 hadi 12. Malezi ya familia yametangulizwa, na makao ya watoto yamefanywa kimbilio la mwisho. Hata kafala, ambayo Waislamu wa Pwani na Kaskazini Mashariki wamekuwa wakiitumia siku zote kulea yatima, imetambuliwa.

Lakini inaisha ukifika miaka 18.

Hapo ndipo shimo lilipo. Katiba inakuita kijana hadi kabla hujafikisha 35. Sheria ya Watoto inakuaga asubuhi ya siku yako ya kuzaliwa. Jana ulikuwa mtoto anayehitaji matunzo, leo ni mtu mzima anayelala kwenye veranda ya mtu, na anayekujia si afisa wa watoto tena. Ni kanjo.

Na kitambulisho? Unaombwa cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha mzazi. Mzazi yupi? Babu yetu alifukuzwa mjini kwa sababu ya kipande. Mjukuu wake anafungiwa nje kwa kukikosa. Na bado tunakiita kipande, masikhara ya historia hayo. Bila namba ya kitambulisho huwezi hata kujisajili kwa nyumba za bei nafuu. Sheria ya nyumba ya 2024, ile ya kukatwa asilimia 1.5 ya mshahara, inataja nyumba za jamii kwa wenye kipato cha chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Kwenye karatasi kijana wetu anafaa kabisa. Kwenye foleni hayupo.

Mtu ataniuliza, kwani kuna nchi inafanya tofauti? Twende kule kule tulikorithi sheria. Uingereza ilipitisha sheria mwaka wa 1977 inayozipa halmashauri wajibu wa kuwapatia makao baadhi ya watu wasio nayo. Mwaka wa 2002, kwa England, orodha ya wanaotangulizwa ikaongezewa vijana wa miaka 16 na 17, na wa 18 hadi 20 waliolelewa chini ya uangalizi wa serikali. London bado ina watu wanaolala nje, sisemi wamemaliza. Nasema kijana wa miaka 19 kule ana kifungu cha kushika mkononi akiingia ofisini. Walituuzia sheria ya 1824, ya 1977 wakabaki nayo.

Kwetu Afrika, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa maoni Desemba 2020 kwamba sheria za uzururaji zinakiuka Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi zinapaswa kuzifuta au kuzirekebisha. Ni maoni ya ushauri, si hukumu dhidi ya Kenya. Lakini kifungu cha 182 kikitajwa tena, sasa unajua cha kujibu.

Kwa hiyo mgombea akija na "nitatunga sheria ya vijana wa mtaani", usipige makofi haraka. Muulize: itamchukua kijana hadi umri gani? Ile pesa itatoka kaunti au serikali kuu, maana huduma za watoto na mipango ya nyumba zimegawanywa kati ya hizo mbili na kila mmoja humwelekezea mwenzake kidole. Utaugeuza ule Mfuko wa 2003 uwe na sheria yake, ndiyo au hapana? Na asiye na mzazi atapata vipi kitambulisho?

Akianza kuzungumzia kusafisha mji, mrudishe 1898.