Katanini: Upanga Ndani ya Seli

Ndani ya seli za miili yetu imo mirija midogo mno, iitwayo mikrotubuli, ambayo upana wake ni kiasi cha nanomita 25, yaani sehemu 25 za milimita moja iliyogawanywa mara milioni, na ambayo kuta zake zimejengwa kwa protini ya tubulini. Nayo, ingawa huishikilia seli kama boriti za mikoko zinavyoishikilia dari ya nyumba ya mawe, haikai katika hali moja, bali hurefuka na kufupika kila mara.

Miongoni mwa protini zinazoitawala mirija hiyo imo moja ambayo Francis McNally na Ronald Vale, wataalamu wa Marekani, waliibainisha mwaka 1993 kutoka katika mayai ya mnyama wa bahari wa mviringo, mwenye miiba, ambaye wavuvi wetu huchelea kumkanyaga maji yakitoka. Na kwa kuwa waliiona ikikata mirija kwa nguvu ya ATP, kemikali ibebayo nishati ndani ya seli, waliipa jina katanin, litokanalo na katana, upanga wa Kijapani.

Apendaye kufasiri angeweza kuiita protini kitara, maana kitara ni upanga uliopinda. Walakini istilahi ni alama ya kutambulishana baina ya wataalamu wa lugha mbalimbali, na kwa sababu hiyo nachagua katanini, kwa mwendo ule ule wa insulini na tubulini. Mwanafunzi atasikia humo kitenzi kukata, na hilo litamfaa katika kukumbuka, lakini mwalimu ambainishie kwamba ni sadfa tu, wala si asili ya neno.

Katanini sita hushikamana kuwa pete, zikaushika mkia wa tubulini uchomozao ukutani mwa mrija, zikauvuta hata ukuta ukabomoka. Wala ukataji huo si uharibifu mtupu: kama mkulima akataye shina la muhogo pingili pingili ili kila kipande kichipue, ndivyo na vipande vya mirija viwezavyo kuwa mwanzo wa mirija mipya. Basi nawasihi watungaji wa kamusi zetu, watakapoliandika neno hili, wasikome katika kusema kwamba ni protini ikatayo, bali waongeze kwamba yaweza pia kuotesha.